KAZI ZA MIKONO: Gurudumu la Pikipiki Ling'ae kama Kioo

Mwanafunzi mmoja wa Lubumbashi ametuletea swali hili: "Pikipiki ya baba ina magurudumu ya alumini. Zamani yaling'aa, lakini sasa yamekuwa ya kijivu, tena yana madoa meupe. Garajini wanadai fedha nyingi. Je, naweza kuyang'arisha mwenyewe nyumbani, hata nijione uso wangu ndani yake?"

Tunajibu: Ndiyo, unaweza, wala huhitaji mashine. Unahitaji maji, sabuni, karatasi za msasa, dawa ya kung'arishia, vitambaa safi na, kupita hayo yote, subira. Lakini kabla hujashika msasa, sikiliza kwanza habari ya kijana mmoja jirani yetu. Maana katika kazi hii limo jambo moja lililo kubwa kuliko uzuri.

Mstari usiofutika

Kijana huyo ni mtoto wa dereva wa pikipiki ya abiria. Ilikuwa imebaki majuma matatu kabla ya arusi ya dada yake, naye alitaka baba afike arusini na pikipiki inayopendeza. Jumamosi ya kwanza alimaliza gurudumu la nyuma, likang'aa vizuri. Jumamosi ya pili akaanza la mbele. Akasugua kwa msasa, akaosha, akasugua tena. Mikwaruzo yote ikafutika, ila mstari mmoja mwembamba karibu na mahali mkono wa gurudumu unapoungana na ukingo. Akaongeza nguvu, mstari ukakaa pale pale. Akapaka dawa ya kung'arishia, mstari ukaonekana kama umepungua. Akafurahi, akamwita baba aje kutazama.

Baba alipitisha ukucha juu ya mahali pale. Akanyamaza kidogo. Kisha akaleta mafuta ya taa, akapaka hapo, akangoja, akapangusa pakawa pakavu kabisa. Akaomba kipande cha chaki ya shuleni, akakisaga, akanyunyiza unga wake. Baada ya dakika chache mstari wa rangi ya kijivu ukajichora juu ya chaki nyeupe, urefu wake kama kidole. Mafuta yalikuwa yameingia ndani ya chuma, na sasa yalikuwa yanatoka.

"Mwanangu," akasema baba, "huu si mkwaruzo. Huu ni ufa. Na jana nilimbeba mama yako na mtoto mgongoni mpaka hospitali."

Pikipiki ilikaa nyumbani siku tisa bila kuleta hata faranga moja, mpaka gurudumu jingine lilipopatikana. Arusini baba alikwenda kwa miguu. Lakini alikwenda.

Kwa nini tunaanza na habari hii? Kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kung'arisha ni kazi ya kujipamba tu. Sivyo. Anayesugua gurudumu kwa mikono yake hugusa kila mahali pake, na hakuna ukaguzi ulio mzuri kuliko huo. Tena, anayesugua ovyo aweza kuuficha ufa. Alumini ni laini: ukiisugua sana, chuma hunyooka na kuufunika mdomo wa ufa, nao hubaki chini yake ukiendelea kukua. Ndiyo maana mstari ule ulionekana kama unapungua.

Kwa nini alumini hufifia

Sisi watu wa Katanga tumezoea shaba, ambayo hupata kutu ya kijani. Chuma cha kawaida hupata kutu nyekundu inayokila mpaka kikaisha. Alumini ina tabia yake ya pekee. Mara tu ikiguswa na hewa hushikana na oksijeni, ikavaa ngozi nyembamba sana, ambayo unene wake ni sehemu chache tu za milioni za milimita moja. Ngozi hiyo haimenyeki kama kutu ya chuma. Hubaki imeshikamana, ikizuia hewa isiingie ndani zaidi. Kwa hiyo alumini hujilinda yenyewe.

Lakini matope, jasho la mikono, chumvi na sabuni kali huiharibu ngozi hiyo. Huota madoa meupe na vishimo vidogo. Hapo gurudumu hufifia.

Hapa kuna jambo la kustaajabisha. Ngozi ile ya alumini imeumbwa kwa vitu vile vile, alumini na oksijeni, vinavyoumba korundumu, jiwe gumu linalozidiwa na mawe machache tu, kama almasi. Korundumu ikipata rangi nyekundu au buluu huitwa yakuti, ambayo matajiri huvaa pete zake. Na korundumu iliyosagwa ndiyo punje zinazobandikwa juu ya karatasi nyingi za msasa! Basi alumini ni laini, lakini ngozi yake ni ngumu kuliko yenyewe. Kwa hiyo, gurudumu lenye madoa halitasafishika kwa kitambaa na dawa peke yake.

Wazee wetu walijua msasa kabla ya karatasi. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, nao walisugulia mbao na vipini vya majembe kwa majani hayo. Karatasi ilirithi jina la mti.

Tusiidharau alumini kwa sababu sufuria zetu ni za alumini. Mwaka 1884, walipomaliza mnara wa ukumbusho wa Washington kule Marekani, waliweka kileleni kipande cha alumini cha kilo karibu 3, kwa maana siku zile thamani yake ilikaribia ile ya fedha. Mwaka 1886 vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, waligundua kila mmoja kwao njia moja ya kuipata kwa nguvu za umeme. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863, na wote wawili walikufa mwaka 1914. Kwa kazi yao alumini ikashuka bei, hata ikaingia jikoni, na tangu miaka ya 1970 magurudumu ya pikipiki ya alumini ya kumiminwa yakaenea duniani.

Kwa nini kioo huonyesha uso

Mama zetu husugua sufuria kwa mchanga na majivu, nayo huwa nyeupe, lakini hatujioni uso ndani yake. Kwa nini? Rusha mpira kwenye ukuta laini: utarudi mahali unapotazamia. Urushe kwenye rundo la mawe: utaruka huku na huku. Nuru nayo ni vivyo hivyo. Mchanga huacha mikwaruzo maelfu, na kila mkwaruzo hutawanya nuru upande wake. Ukiondoa mikwaruzo, nuru yote hurudi kwa utaratibu, nawe unaona uso. Alumini iliyolainishwa vizuri hurudisha karibu sehemu 90 kwa mia za nuru. Ile darubini kubwa ya Palomar, California, iliyozinduliwa mwaka 1948, ina kioo chenye upana wa mita 5 kilichopakwa ngozi nyembamba ya alumini.

Basi siri yote ya kung'arisha ni hii: kuondoa mikwaruzo mikubwa kwa mikwaruzo midogo, na midogo kwa midogo zaidi, hata jicho lisiweze kuiona tena.

Sasa tuingie kazini.

Kwanza: Kuvua gurudumu na kuliosha

Zima injini, ondoa ufunguo. Simamisha pikipiki juu ya sanduku la mbao lililo imara, kisha vua gurudumu. Panga nati na pete zake juu ya gazeti kwa utaratibu ulivyozitoa, ili usikosee wakati wa kurudisha. Kama breki ni ya sahani, usibonyeze breki wakati gurudumu halipo.

Wengine huona uvivu kulivua. Huiacha injini ikizunguka, wakashika kitambaa kwenye gurudumu la nyuma ili lijisugue lenyewe. Wasomaji wapenzi, msifanye hivyo kamwe! Mnyororo hukishika kitambaa, na kitambaa hukivuta kidole. Kabla mtu hajapiga kelele, kidole hakipo tena. Dawa ya kung'arishia hununuliwa sokoni, lakini kidole hakiuzwi.

Osha gurudumu kwa maji na sabuni ya kawaida, mpaka mchanga wote utoke. Punguza hewa kidogo, ukaingize vipande vya karatasi ngumu kati ya tairi na ukingo ili msasa usiikwaruze tairi. Funika kitovu penye beringi, na sahani au ngoma ya breki, kwa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Mafuta au dawa ikigusa breki, breki hazitashika siku utakapozihitaji.

Pili: Kutafuta ufa

Tazama gurudumu juani, ukiligeuza polepole. Tazama hasa pale mikono inapoungana na ukingo, kuzunguka kitovu, na mahali palipogonga shimo barabarani. Ukitilia shaka mstari fulani, fanya kama yule baba: paka mafuta ya taa, ngoja robo saa, pangusa pawe pakavu, nyunyiza unga wa chaki, ngoja tena. Mafuta yasiguse tairi wala breki. Njia hii si ya kubuni juzi. Zamani mafundi wa reli waliitumia kukagua vyuma vya magari ya moshi.

Kama mafuta yanajichora juu ya chaki, acha kazi. Usilipeleke gurudumu kwa mtu wa kulichomelea. Alumini ya gurudumu huchanganywa na vitu vingine, mara nyingi silikoni kama sehemu 7 kwa mia na magnesi kidogo, kisha hupikwa kwa joto lililopimwa ili ipate nguvu. Moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo pembeni mwa ufa. Litaonekana zima, kumbe limekuwa dhaifu kuliko kwanza.

Tatu: Kuondoa vanishi

Magurudumu mengi hutoka kiwandani yamepakwa rangi au vanishi isiyo na rangi. Kama vanishi yako ni nzima, tunakushauri uiache: osha, kausha, basi. Lakini kama imeanza kubanduka na maji yameingia chini yake, lazima uiondoe yote.

Njia iliyo salama ni msasa mweusi wa maji, nambari 320 au 400. Dawa za kubandua rangi hufanya kazi upesi, lakini baadhi yake zina dikloromethani, ambayo mvuke wake umeua watu waliofanya kazi katika vyumba vilivyofungwa. Marekani ilikataza mwaka 2019 dawa za namna hiyo zisiuzwe kwa watu wa kawaida. Kama huna budi kutumia dawa, fanya kazi nje penye upepo, uvae glavu, usome maandishi ya chupa.

Msitumie soda kali ya kutengenezea sabuni. Twajua kwamba inapatikana kila soko. Lakini soda hiyo huila alumini yenyewe, huigeuza nyeusi, hutoa gesi ya hidrojeni inayowaka moto, na ikiruka jichoni hupofusha. Msitumie asidi ya betri pia. Na dawa za kuoshea magurudumu zenye asidi ya floridi zikimbieni kabisa: hupenya ngozi bila kuunguza mara moja, zikaenda kudhuru mpaka mifupa.

Baada ya vanishi kutoka, rudia jaribio la chaki. Vanishi huweza kuwa ilifunika ufa.

Nne: Msasa

Nambari ya msasa ikiwa kubwa, punje zake ni ndogo. Punje za nambari 400 zina upana wa sehemu 35 hivi za elfu za milimita; za nambari 2000 zina kama sehemu 10 tu. Unywele wa mtu una kama sehemu 70. Nunua nambari 400, 600, 800, 1000, 1500 na 2000.

Loweka karatasi majini, tia tone la sabuni. Sugua daima kwa maji, maana maji huchukua unga, na vumbi la alumini si zuri kwa mapafu. Tena vumbi hilo likiwa kavu na jingi huweza kushika moto. Kwa hiyo usifanye kazi karibu na mashine ya kusagia vyuma inayotoa cheche.

Sasa kanuni iliyo kuu. Ukisugua kwa nambari 400 kwa kuelekea upande mmoja, sugua kwa 600 kwa kuikatiza ile mistari, kama msalaba. Endelea mpaka usione hata mstari mmoja wa 400. Osha, kausha, tazama juani kwa kuinamisha gurudumu. Kama mistari ya zamani ipo, hujamaliza. Kisha nenda 800 kwa kukatiza tena, na hivyo hivyo mpaka 2000. Badilisha maji kila unapobadilisha nambari, kwa sababu punje moja kubwa ikibaki katika ndoo itaharibu kazi ya saa nzima.

Kosa la wanafunzi wengi ni kuruka: kutoka 400 mpaka 1500, ili kumaliza upesi. Msasa mdogo hupita juu ya mifereji ile kama jembe la mtoto juu ya handaki. Kisha dawa ya kung'arishia huja kuing'arisha mifereji yenyewe, nayo huonekana wazi kuliko kwanza. Ndipo mtu hulazimika kurudi mwanzo. Haraka haraka haina baraka.

Usitumie pamba ya chuma wala brashi ya chuma. Vipande vyake hukwama ndani ya alumini, navyo hupata kutu. Na kama kuna kishimo kirefu, usikichimbe mpaka kiishe. Afadhali gurudumu lenye kovu kuliko gurudumu jembamba.

Tano: Dawa na kitambaa

Ukimaliza nambari 2000, gurudumu litafanana na maziwa, laini lakini lenye ukungu. Usikate tamaa. Chukua kitambaa laini cha pamba, kama fulana ya zamani isiyo na kifungo wala mshono. Tia dawa ya kung'arishia chuma, kiasi cha punje ya haragwe. Sugua mahali padogo kama kiganja, kwa mizunguko midogo, ukikaza. Kitambaa kitakuwa cheusi. Hiyo ni dalili njema: ni unga wa alumini unaotoka. Kabla dawa haijakauka, pangusa kwa kitambaa cha pili kilicho safi. Rudia mara tatu au nne, kila mara ukikaza kidogo kuliko kwanza.

Kitambaa kikianguka chini, usikiokote tena kwa kazi hii. Punje moja ya mchanga wa Lubumbashi yatosha kukurudisha kwenye nambari 800.

Ukungu utapasuka kidogo kidogo, na utaona kwanza nuru ya dirisha, kisha kivuli cha mkono wako, kisha uso. Gurudumu moja kwa mikono huchukua siku nzima, pengine siku mbili.

Sita: Kurudisha na kutunza

Ondoa vifuniko. Sahani ya breki, kama imeguswa, ioshe kwa dawa yake ya kuoshea breki. Pedi zilizokunywa mafuta zibadilishwe. Rudisha pete zote mahali pake. Angalia mshale wa tairi: uelekee mbele, upande gurudumu linakozunguka. Kaza nati, na kama nati ina pini, tia pini mpya. Pima ulegevu wa mnyororo kadiri ya kitabu cha pikipiki. Jaza hewa. Kisha jaribu breki polepole uani kabla ya kutoka barabarani.

Sasa gurudumu liko uchi, halina vanishi. Litafifia tena usipolitunza. Lioshe kila juma kwa maji na sabuni, likaushe, na mara moja kwa mwezi lipitishie dawa kidogo. Waweza kulipaka nta ya magari, lakini nta isiguse tairi wala breki. Majira ya mvua, matope mekundu yasilale juu yake. Mtu asiyeweza kazi hiyo ndogo ya kila juma, na asianze kazi hii kubwa.

Neno la mwisho

Ewe mwanafunzi uliyetuandikia, utafurahi siku baba atakapojiona uso wake katika gurudumu. Lakini kabla ya hapo, tazama tairi zake: je, zina meno bado? Tazama breki: je, zinashika? Gurudumu linalong'aa chini ya tairi lililokwisha ni kama kofia mpya juu ya kichwa chenye jeraha.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa nyumba huzibwa kwa udongo. Ufa wa gurudumu hauzibwi. Huonekana mapema, au huonekana barabarani. Kwa hiyo sugua polepole, na macho yako yatangulie mikono yako.